Malalamiko Kuhusu Pete Iliyochovywa Majini Kitale

Kanduyi, Bungoma
Agosti 2006

Kwako Mama Mkwe, Mwalimu Bilha, mstaafu wa fizikia, Kitale.

Mama,

Pokea heshima zangu zote, ingawa nimekasirika. Kwetu Wabukusu, mkwe hatazamani uso kwa uso na mama mkwe, sembuse kugombana naye. Ndiyo sababu nagombana nawe kwa barua.

1. Mke wangu Tabby alipokuja kukutembelea alivua pete ya ndoa ili akande unga wa chapati. Mtu akivua pete, aliyebaki mezani huilinda isidonolewe na kuku. Wewe uliifunga uzi ukaining'iniza kwenye mizani, kwanza hewani, kisha ndani ya bakuli la maji. Ati hewani gramu nane, majini saba, na dhahabu halisi ingepoteza nusu gramu tu. Ukamwambia binti yako amevikwa shaba ya mfereji wa maji. Tangu siku hiyo hajarudi nyumbani.

2. Hukuzingatia mahali. Pete ilinunuliwa Bungoma, huku chini. Nyinyi mko juu, karibu na Mlima Elgon, ambako hata hewa ni nyepesi. Pete imepanda mlima, imechoka, lazima ipungue.

3. Mukhisa, aliyeniuzia pale sokoni, aliiuma mbele yangu ili nisiwe na shaka. Kilichovunjika ni jino. Kitu chenye nguvu hivyo unakiita shaba?

4. Tulipoleta ng'ombe wa mahari, hukumshuku hata mmoja. Uliwaingiza joshoni kwa sababu ya kupe, si kwa sababu ya densiti. Iweje ng'ombe wangu waaminiwe na pete yangu ishukiwe?

5. Nasikia sasa akina mama wa kanisa lenu wanapanga foleni kwako na pete zao, na waume wao wameanza kulala shambani. Nawe unaiita hii elimu! Mchimba kisima huingia mwenyewe, Mama. Je, ile pete aliyokuvika mumeo, Baba Kagwe, umeshaichovya?

Kwa hivyo naomba somo la densiti lifutwe katika shule zote nchini, na maji yatumike kwa kunywa na kuoga tu. Zaidi ya yote, namtaka mke wangu. Ugali ninaojipikia una madonge, nyumba imenyamaza, nami nimechoka.

Msalimie Baba Kagwe, akina mama wa foleni, na ng'ombe wote waliosalia.

Mkweo, mpaka maji yatakaposema vingine,
Wepukhulu

Tanbihi: Kabla ya kubandika stempu nimeazima mizani ya duka la dawa, nikaichovya pete niliyovikwa na Tabby siku ya harusi, ili nithibitishe kwamba maji hudanganya. Nayo ni ya gramu nane. Majini imepoteza nusu tu. Nimerudia, nikarudia tena. Mama, mtoto wako alinivika dhahabu. Barua hii usimsomee. Nakuja mwenyewe kumwomba radhi.