Viatu vya Theluji na Supu ya Kwato

Tak. Tak. Tak. Tak.

Sauti hiyo bado nnaisikia. Ni vifungo vya chuma vya viatu vya kutelezea kwenye theluji, nikivifunga leo asubuhi, nimekaa kitandani kwangu, mtaani kwetu Hail, dirisha wazi, jua linaniangalia. Kufunga kulikuwa kutamu sana.

Wenzangu, leo nimeadhirika mchana kweupe. Nnaandika haraka kabla hamjasikia kwa wengine, maana kwa wengine mtaambiwa nimekatwa miguu.

Ndoto yangu mnaijua. Wenzangu darasani walitaka udaktari, mie nilitaka theluji. Shule yenyewe sikufika mbali, nimeishia kushona mabuibui Al Khoudh, mtaa wa jirani, lakini theluji sikuiacha. Basi kaka yangu Salim na mkewe wakasema wanakwenda milimani Georgia, na wakanambia, "Zuwena, twende, lakini kupanga upange wewe."

Nikapanga. Jamani, kupanga safari ya theluji msimu huu wa corona kunatoa akili. Jumatatu hoteli inataka cheti cha chanjo. Jumatano inataka kipimo. Alkhamisi inataka vyote viwili, na vile vigari vya kamba vya kupandia mlimani vinachukua watu wa nyumba moja tu, na lazima uandike mapema saa utakayopanda. (Saa ya kwao au ya kwetu? Mpaka leo sijui.) Jumamosi wakaandika mlima umefungwa. Jumapili mlima umefunguliwa. Nilikaa nikajiuliza mlima unafungwaje.

Viatu vinakodishwa kule kule, lakini mie nikasema sitii mguu kwenye kiatu kilichovaliwa na watu chungu nzima, zama hizi. Nikanunua vyangu mtandaoni. Vya mtumba. (Ndiyo, najua. Msiniulize.)

Ugumu mkubwa ulikuwa mama yangu, Bi Moza. Ameona kwenye simu watu wakibingirika thelujini, basi hakutaka kusikia. "Ukivunjika mguu huko, wakafunga na mipaka, nani atakuogesha?" Nimembembeleza wiki kwa wiki. Juzi ndiyo akalainika. Akanambia, "Haya nenda. Lakini nikisikia umeumia, hata kidole, hata kabla hujapanda ndege, safari imekufa."

"Mama, nitaumiaje kabla ya kupanda ndege?"

Ndivyo nilivyosema. Kwa mdomo wangu huu.

Leo basi ilikuwa miadi ya kipimo, zahanati moja Mawaleh. Tusipopimwa leo, ndege inatuacha. Salim akapiga honi nje, nami nikaanza kuvifungua vile viatu nilivyokuwa navijaribu. Havifunguki. Nikakandamiza vifungo kwa nguvu zangu zote. Honi. Nikauvuta mguu, mguu haukuja. Honi tena. Nyumbani hakuna mtu, mama yuko kwa dada yake Al Khoudh. Nikateremsha buibui juu ya viatu, nikatoka hivyo hivyo, na simu nikaisahau kitandani.

Viatu vile havikunjiki. Unatembea magoti mbele, makalio nyuma, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Salim aliponiona akalaza kichwa kwenye usukani.

"Vua."

"Havivuliki."

"Ulivivaaje?"

"Kwa furaha."

Badala ya kunisaidia akatoa simu akanirekodi mpaka chaji ikamwishia. (Kumbukeni hilo: simu yangu kitandani, ya kwake imekufa.)

Zahanati akaniteremsha mlangoni, akaenda kutafuta pa kuegesha. Nikaingia peke yangu juu ya marumaru, ngo, ngo, ngo. Watu wamekaa kwa nafasi, kiti kimoja mtu, kiti kimoja hewa, barakoa usoni. Vichwa vyote vikainama kuangalia miguu yangu, viatu vinachungulia chini ya buibui kama vya mtu aliyevunjika mifupa. Bi mkubwa mmoja akashika kifua.

"Ya Rabbi. Mwanangu, yote miwili?"

"Hapana bibi, hivi ni..."

"Usisimame, kaa. Mpisheni mtoto. Umeanguka wapi?"

"Sijaanguka bibi. Nnakwenda Georgia."

"Georgia? Nani kakudanganya? Mifupa India. Mwanangu mie nilimpeleka India na magongo, karudi anapanda ngazi."

Mzee wa kiti cha pili akasema India ilikuwa zamani, siku hizi Thailand. Wakabishana juu ya miguu yangu kama sipo. Nikafungua mdomo nieleze, lakini mdomo uko nyuma ya barakoa, nani atajua umefunguka? Kabla sijapata pa kuingilia, bi mkubwa kanyanyua mikono, kaanza kuniombea dua.

Sasa mnajua malezi yetu. Dua ya mtu mzima haikatizwi. Chumba kizima kikanyanyua mikono kwa ajili yangu, hata wale waliokuwa wanakohoa. Ningefanya nini? Nikasema amin. Na ukishasema amin, ugonjwa umeshaukubali.

Kisha likaja lile swali letu. "Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Bi Moza, wa Hail."

"Moza? Mie Thuraya, Moza nnamjua tangu hajaota meno." Akatoa simu.

Hapo ndipo pa kumzuia. Lakini kiti cha magurudumu kikaja, nikakalishwa, nikasukumwa mbele ya foleni nzima, watu wananambia pole, mie najibu ahsanteni. (Ahsanteni ya nini, Zuwena?)

Ndani nesi akanitia kijiti puani mpaka nikaona nyota. Halafu akainama, akavitazama viatu, akakinyanyua kile kichuma juu kwa kidole kimoja. Tak. Kikafunguka. Mie muda wote nilikuwa nakikandamiza chini.

"Nani kakufunga hivi?"

"Mwenyewe."

Akanipa viatu mkononi, akanionyesha mlango wa nyuma, maana kwa ajili ya corona unaingia mbele unatokea nyuma. Kwa hivyo wale wote walioniombea hawakuniona nikitoka kwa miguu yangu, mitupu, mizima.

Salim naye akapimwa, akanikuta nyuma, tukasimama njiani tukanywa chai ya karak, ile ya maziwa na iliki, tukacheka tukatosheka. Tukakata kona ya nyumbani.

Magari. Yamepanga kutoka getini kwetu mpaka kwa jirani.

Kwetu mgonjwa hakai saa nyingi bila kutazamwa. Na kwa kuwa mwaka huu hakuna kuingiliana majumbani, watu wanakuja na gari, wanateremsha chungu getini, wanaulizia khabari dirishani. Nikashuka nikiwa na barakoa yangu, nijue nani anaumwa. Mama mmoja akashusha kioo.

"Mwanangu, mgonjwa anaendeleaje?"

Nikatazama nyumba. Ndani hamna mtu. Mgonjwa gani? Nikatazama vyungu. Nikatazama miguu yangu. Mgonjwa ni mie.

"Hajambo kidogo," nikasema.

"Miguu yote?"

"Yote."

"Subhanallah. Msichana mdogo vile. Mwambie anywe supu ya kwato, inaunga mfupa."

"Nitamwambia."

"Na wewe nani?"

"Mie nnamuuguza."

"Mungu akulipe, mwanangu."

Nimejiuguza hivyo kwa gari zote. Kila dirisha nnapokea chungu, nnatoa khabari. Mmoja kauliza kama nalala, nikasema nalala kwa tabu. Mwengine kauliza kama nalia, na hilo angalau lilikaribia ukweli. Salim yumo garini, mabega yanamtikisika.

Ndipo teksi ikafunga breki na mama akatoka. Ushungi kauvaa ndani nje. Kiatu kimoja chake, kimoja cha dada yake. Akanipita, jamani, akanipita kama nguzo, anakimbilia ndani anaita, "Zuwena! Zuwena mwanangu!"

"Mama. Nipo hapa."

Akageuka. Hakunitazama uso. Akaja, akakaa chini pale pale kwenye vumbi la geti, akaishika miguu yangu, akaipapasa kifundo hadi kidole, wa kulia, wa kushoto, akarudia tena. Vioo vyote vya magari vikashuka kwa pamoja.

"Kumbe ndiye yeye?"

"Si alisema anamuuguza?"

Na nani anashuka gari ya mwisho na sufuria mkononi? Bi Thuraya. "Ndiye huyu. Na vile viatu viko wapi?"

Nikavinyanyua juu.

"Vya kazi gani?"

"Vya theluji, bibi."

Kisha kicheko kilichoanza gari ya mbele kikaenda hadi ya nyuma, na kikarudi. Bi Thuraya hakucheka. Akaniwekea sufuria mikononi, akasema, "Ya kwato hii. Kunywa tu. Utaihitaji ukirudi huko."

"Harudi," mama akasema, bado yuko chini, "kwa sababu haendi."

Baadaye ndani nilijaribu. Nikamwambia, "Mama, si unaniona mzima?" Akanambia, "Nimeililia miguu yako tangu Al Khoudh mpaka hapa. Machozi ya kuililia Georgia sina tena." Nikautazama ushungi wake, bado ndani nje, hakuna aliyemwambia. Nikamsaidia kuugeuza tu. Salim atakwenda na mkewe.

Jawabu la kipimo limeingia sasa hivi kwenye simu. Sina corona. Sina na safari.

Naombeni msicheke. Kama hamwezi, chekeni kwenu, na vyungu mje kuvichukua.

Mama kalala. Nimekwenda jikoni kutafutia supu nafasi, nikafungua friza, nikaona barafu nyeupe imeganda ukutani mwake. Nikakwangua kwa kijiko, nikaiweka kiganjani, laini kuliko nilivyodhani, nikasimama pale nimefumba macho mpaka ikaisha.