Kiboko Aliyenuna

Habari iliyowasha moto Ijumaa ile kwenye baraza ya Usumani, pale Gitega, ilitoka kwenye simu ya Habimana. Ilikuwa habari ndogo kama kifungo cha shati la mtoto: filamu ya katuni iliyochorwa na vijana wa hapa hapa Kigali ingeondolewa sinema Jumapili, maana wiki nzima ilitazamwa na watu kumi na tisa.

“Kumi na tisa!” Habimana alijipiga paja. “Mji mzima! Na wawili ni mimi na mtoto yangu. Hatuna haya?”

Habimana ni fundi wa magari Gikondo, na kijiweni anaitwa Breki, kwa kuwa akianza kusema hana. Mwenye baraza, Usumani, mshonaji, ndiye Futi: kila neno la mwenzake lazima alipime. Mukagasana, anayeuza chai na mandazi pembeni ya mlango, ni Mama Birika. Wa nne ni Rwema, aliyekulia Tanzania akarudi na tai, na sasa ana kazi ya ofisini. Huyo wanamwita Semina, kwa sababu hata akiomba sukari hutaja kwanza malengo matatu.

“Ngoja kwanza,” Semina aliweka kikombe chini. “Mtu mzima, na ndevu zako, umekwenda sinema kutazama katuni?”

“Nilipeleka mtoto.”

“Ana miaka mingapi?”

“Saba.”

“Basi yeye ndiye aliyekupeleka wewe.”

Baraza likacheka. Usumani naye alicheka, pini zikiwa mdomoni, kicheko cha puani.

“Chekeni tu,” Breki hakukubali kushindwa. “Firamu iko ya familia. Hakuna kupigana, hakuna matusi, hakuna gari kuwaka moto. Mimi natengeneza gari kila siku! Gari ikiwaka moto kwenye sinema, wengine wanapiga makofi, mimi nasikia uchungu.”

“Na ndiyo maana imeanguka,” Semina alisema. “Jumatatu wanaleta ya magari kulipuka. Soko limeamua.”

“Wewe si ndiye juzi ulitusomea hotuba hapa, ‘Tupende vya kwetu’?” Mama Birika alimkazia macho.

“Ile ilikuwa hotuba, Mama Birika. Haikuwa mpango kazi.”

“Yampaye inka!” Mama Birika alimaka kwa Kinyarwanda. “Kumbe hotuba ni kama mandazi ya jana, ya kuonyesha tu!”

Usumani alitoa pini mdomoni. “Breki, tupe kisa chenyewe tukipime. Inahusu nini?”

“Iko kiboko moja, mzee. Mwenye dimbwi. Wanyama wote amewafundisha kuogelea yeye. Sasa binti yake amekuwa mkubwa, anaogelea vizuri kuliko baba. Akasema, ‘Baba, dimbwi imekuwa ndogo, mimi naenda ziwa ya pili, nyuma ya mlima.’ Kiboko akanuna.”

“Akanuna vipi?”

“Kununa ya kiboko! Mdomo chini, masikio chini. Akasema, ‘Mkubwa hamfuati mdogo. Akinitaka, njia anaijua.’ Sasa kiangazi ikafika, maji inapungua, wanyama wote wanahama. Yeye bado. Maji iko kwenye tumbo, anasema ‘bado nina dimbwi’. Maji iko kwenye magoti, ‘bado nina dimbwi’. Mpaka maji inafika kwenye kucha, mzee, kwenye kucha! Na yeye bado amekaa kama mfalme, pamoja na chura moja tu.”

Semina alikohoa na kutazama barabarani. Mama Birika alisahau chai ikamwagikia sahani. Na cherehani ya Usumani, iliyokuwa ikikimbia muda wote, ilikwenda taratibu, ikasimama.

Wote pale walikuwa wakijua, ila hakuna aliyethubutu kulitaja. Uwase, binti wa Usumani, alijifunza ushonaji kwenye cherehani ile ile. Siku aliposema anafungua duka lake Rebero, na kwamba wateja wa siku hizi hawataki tena mkato wa baba, Usumani alimjibu neno moja tu: “Nenda.” Ulikuwa umepita mwaka na miezi miwili. Binti alikuwa akituma salamu kila Idi. Baba alikuwa akizipokea kama mtu anayepokea barua ya jirani.

“Nani kakutuma?” Usumani aliuliza.

“Kunituma wapi?”

“Uwase kakutuma! Mmekaa mkatunga kiboko ili mnitukane kwenye baraza yangu!”

“Mzee, mimi hata kuchora yai siwezi!”

“Basi kiboko huyo ana haki! Jua halifuati mtu nyumbani kwake! Binti ndiye aliyeondoka, binti ndiye arudi!”

“Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani,” Mama Birika alisema polepole. “Ila ngamani pakikauka, mzee, atarejea wapi?”

Usumani aligeukia kazi yake. Alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. Mwishowe akauliza, macho yakiwa kwenye uzi, “Na huyo kiboko, alikwenda?”

“Sisemi,” Breki alisimama. “Nenda utazame. Imebaki kesho tu.”

Usiku ule Usumani aliamua kwenda, si kwa kupenda, bali kuthibitisha kwamba kiboko ana haki. Shida ikawa moja: mzee wa kofia ya kiua hawezi kuingia katuni peke yake, watu watasema amepotea msikiti. Alihitaji mtoto wa kumshika mkono. Na mjukuu aliyekuwa naye alikuwa mmoja tu, Iteka, mtoto wa Uwase, na Iteka alikuwa Rebero.

Jumamosi baada ya adhuhuri alifika mbele ya duka la binti yake. Alisimama akitazama kibao cha juu ya mlango, akakitazama mpaka wapita njia nao wakaanza kukitazama. Baada ya nusu saa hivi Uwase alitokea mlangoni, futi shingoni.

“Baba,” alisema, “hicho kibao kina maneno mawili tu.”

“Nayasoma vizuri.”

Usumani alirekebisha kofia. “Nimekuja kumwazima Iteka,” alisema. “Kuna katuni.”

Uwase alicheka. Alicheka mpaka akashika mlango, na Usumani alipomtazama vizuri akaona hacheki tena. Alimwingiza ndani, akampa kiti, akampa chai. Iteka akamletea babu vitambaa vyake vyote, kimoja kimoja. Usumani akaona pindo la gauni moja halijakaa sawa, akasema. Binti akamkabidhi pini bila kusema kitu. Waliposhtuka, filamu ilikuwa imekwisha kitambo mjini, na pindo lilikuwa limeshonwa upya.

Jumatatu kijiwe kilimngoja kwa hamu.

“Umeiona?” Breki alimrukia.

“Sikuiona. Nilichelewa Rebero.”

“Rebero?” Mama Birika alishika kifua. “Rebero kwa nani?”

“Kwa mwanangu, kwani Rebero ni nchi ya nje?” Usumani alivuta kiti, sikio moja likiwaka. “Hayo tuyaache. Breki, sinema wameshaitoa, sasa huna budi. Alikwenda au hakwenda?”

Breki akatazama viatu vyake. “Mzee, ukweli… Pale pale mwishoni mtoto akabanwa na mkojo. Tulikuwa chooni.”

“Umetugombanisha hapa kwa filamu ambayo hukuimaliza?”

“Ilikuwa nzuri hata kutoka chooni! Niliisikia!”

“Alikwenda,” sauti ilisema.

Wakageuka. Alikuwa Semina, akikoroga chai isiyo na sukari.

“Alikwenda usiku, mchana aliona aibu. Alipofika akasema amekuja kuangalia tu kama maji ya huko ni safi. Binti hakumuuliza kitu. Alisogea, akampa nafasi.” Alitoa leso, akajifuta pua. “Chura naye alikuwa mgongoni. Pale kwa chura ndipo penyewe.”

Mama Birika alitua birika chini.

“Semina,” Mama Birika alisema, “wewe uliitazama?”

“Mara ya kwanza nilikwenda kukagua.”

“Ya kwanza? Kwani ulikwenda mara ngapi?”

Semina alisimama, akanyoosha tai, akachukua mkoba wake.

“Mara ya pili,” alisema, akiwa tayari ameanza kushuka barabara kwa haraka, “ilikuwa kufuatilia utekelezaji.”