Nywele Tano Ndani ya Pampu ya Mtaa

Kabla sijawatambua waheshimiwa, nijitambue mwenyewe, maana mimi ni mtu wa bahati kuliko wote mliopata kuwaona: nikitoka bila mwavuli mvua inaahirishwa, nikichelewa mkutano unakuwa haujaanza, na nikigusa kitu kilichokufa kinakohoa kisha kinafanya kazi. (Makofi.) Sasa: Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Pampu, Mheshimiwa Makamu wake, Wajumbe wa Kamati Ndogo inayoiangalia Kamati Kubwa, Mwakilishi wa yule aliyeahidi kuja, mafundi wa karakana yangu hii, na wewe mama mkwe wangu mpendwa, uliyekalia ndoo mstari wa mbele kwa sababu leo ni siku ya tisa mtaa mzima hauna maji, itifaki imezingatiwa.

Ndugu wananchi, pampu hii mpya iliyofunikwa shuka, ambayo nitaiwasha mbele yenu sasa hivi, ina pete tano za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine ndani ya ganda, na kila pete imeruhusiwa kuzidi kipimo kwa unywele mmoja, si zaidi, wakati nafasi iliyoachwa ndani ya ganda ni ya nywele tatu tu. Hapo ndipo sayansi inapogawanyika. Fundi Unywele, yule mama mwenye kalipa, kile chuma cha kupimia unene, shingoni, ambaye hata mlango wa kwake anaupima kabla ya kuingia, anafuata njia ya woga: anadhani pete zote tano zitazidi siku moja, tano kwenye nafasi ya tatu, pampu ikwame. (Kicheko.) Mimi, kupitia Mpango Mkuu wa Kimkakati wa Uchambuzi wa Vipimo, wenye maabara, kompyuta kumi na mbili na wataalamu waliobobea, nimewaletea njia ya kitakwimu: hii imezidi, ile imepungua, zinafidiana, unazidisha kila kosa kwa lenyewe, unajumlisha, unatafuta kipeuo cha pili, unapata nywele mbili na kidogo. Zinaingia na upepo unapita. Asilimia tisini na tisa nukta saba ya wadau wameridhika. (Makofi. Mama mkwe: “Mkwe, washa, mgongo unaniuma.”)

Nawasha, mama. (Pampu inanguruma mara moja, inanyamaza.) Huo ni ukimya wa kitaalamu. (Anabonyeza tena. Harufu ya waya unaoungua.) Fundi, hebu panda jukwaani uwaambie kuwa ni kawaida.

(Fundi Unywele: “Si kawaida, bosi. Pete zote tano zimekerezwa na mashine moja, kwa kisu kimoja, na kisu chenyewe kimelika. Zimezidi zote. Hesabu yako inataka makosa yasiyojuana, haya ni ya tumbo moja.” Kicheko kirefu.)

Ulizipima lini?

(“Asubuhi. Nikakwambia, ukasema una bahati.” Mama mkwe anacheka mpaka ndoo inapinduka naye.)

Basi tumalizie kwa kaulimbiu. Vipimo? (“Juu.”) Takwimu? (“Chini.”) Nawashukuru wataalamu waliobobea, ambao hawapo, kompyuta kumi na mbili, ambazo hazipo, na maabara yetu, ambayo ni mgongo wa kadi ya mwaliko wa leo, nilikofanyia hesabu nikisubiri zamu kwa kinyozi. Mpango Mkuu wote ni mimi na kalamu ya kuazima. Fundi anasema pete tatu zikisuguliwa kwa tupa, unywele mmoja kila moja, maji yatatoka kabla jua halijazama, ila anataka mtu wa kuzishikilia. Naivua suti. Mama, nisogezee hiyo ndoo nikalie.

Na ile bahati niliyowatajia mwanzoni ni uongo. Mvua ya jana ilininyeshea peke yangu.