Kuhusu Foleni Isiyo na Mtu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Kompyuta,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi sina nafuu yoyote, na wa kulaumiwa ni mwalimu wetu wa uthibitisho wa kihisabati. Tunamwita Bi Kwanini, maana ndilo swali analoliandika kwa wino mwekundu kila nikiandika mstari. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilitengeneza programu ya kuita wateja katika saluni ya shangazi yangu aliyenilea. Ukibonyeza kitufe, spika inamwita anayefuata kwenye foleni. Nimeijaribu kwa wateja watatu, kumi, hata hamsini wa kubuni, na haijakosea. Bi Kwanini anasema hiyo ni mifano tu, si uthibitisho. Jamani, kitu kinafanya kazi, kinathibitishwa cha nini?

2. Akashikilia nianze na sifuri, yaani foleni isiyo na mtu. Mheshimiwa, foleni hiyo inaanzia wapi na inaishia kwa nani? Kwa ajili ya mteja asiyekuwepo, amenifelisha. Nikirudia somo sihitimu mwaka huu, na shangazi ameshashona nguo ya mahafali. Nimeumia, sitaficha.

3. Ugonjwa umeingia chumbani. Nilimwambia ninayeishi naye kwamba zamu ya kuosha sufuria ni yake. Akataka uthibitisho. Nikamtajia siku zote nilizoosha mimi. Eti hiyo ni mifano tu! Sufuria imeota ukungu.

4. Kwa hiyo naomba uthibitisho ufutwe kabisa. Wanafunzi wote wananiunga mkono, nimeuliza wawili. Bi Kwanini naye athibitishe kwamba ni mwalimu, akianzia siku ambayo hakuwa na mwanafunzi hata mmoja.

Nisalimie walimu wote, karani wa mapokezi na mlinzi wa maktaba. Bi Kwanini nitamsalimia mwenyewe hasira zikipoa.

Ni mimi mtiifu wako,
Mwanafunzi Aliyeangushwa na Sifuri

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha shangazi akapiga simu. Leo amefungua saluni mapema, mteja hata mmoja hajafika, akabonyeza kitufe. Spika imeanza, "Anayefuata, karibu! Anayefuata, karibu!" na haikomi. Pa kuizimia sikuweka, sikuona haja. Majirani wamejaa mlangoni na hakuna anayetaka kusukwa. Shangazi bado yuko kwenye simu, na ananiuliza swali moja tu: kwa nini?

Samahani, Mheshimiwa, Bi Kwanini yuko ofisini leo?