Landrova ya Marehemu Dedan Yanyamaza

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Breki za Landrova zimelia tena mbele ya soko. Nyeri nzima imegeuka. Mama mmoja ameangusha nyanya. Sauti ya nguruwe anayechinjwa na mtu asiye na uzoefu.

Jioni amekuja Munene, kijana wa marehemu kaka yangu Dedan. Jumamosi tunampeleka ruracio, kutoa mahari, Naro Moru, kwa kina Wakiuru, mchumba wake. Mimi ndiye nimesimama mahali pa baba yake. Msafara utaongozwa na Landrova ya Dedan. Na nini kingine?

Munene akakuna kichwa. Ati Anko, na hizo kelele? Ati wakwe watafikiri mbuzi wameanza kushuka. Ati ikilia hata mara moja, Gicheru atangulie na Prado.

Gicheru! Shemeji yangu wa Murang'a, mtu wa kuendesha gari na glavu! Dedan angefufuka. Nimemkumbusha Munene kwamba Landrova hii ilivuta lori la wanajeshi kutoka kwa matope Nanyuki, dereva akalia machozi. (Ilikuwa trekta. Lakini trekta kubwa.)

Jumanne, 5 Agosti

Nimepita kwa fundi Nderitu, kumpima tu kama anajua. Ati fungua ngoma za breki, toa vumbi, piga viatu vya breki msasa, halafu paka grisi kidogo huko nyuma vinaposuguana na bamba. Kidogo! Ati ole wangu ikigusa upande ule unaobana ngoma.

Nimemshtukia papo hapo. Kelele ikiisha kabisa, atakula nini? Mimi niliachia shule kidato cha pili, lakini si kwa ujinga. Walimu ndio waliishiwa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimefungua magurudumu yote. Nimepaka grisi nyuma, mbele, ndani, kila mahali kama mtu anayepaka mkate wa wageni. Kitu kinalia kwa sababu kimekauka. Hata goti la marehemu mama lilikuwa hivyo, na nililitibu mimi.

Wachuka, mke wangu, amesimama na mwiko akaniuliza: Baba Ivy, kitu cha kukamata unakipaka mafuta? Nimemwambia aangalie sufuria yake ya githeri.

Alhamisi, 7 Agosti

KIMYA! Nimeizungusha hapa bomani. Nimekanyaga breki, kimya. Nimekanyaga tena, kimya. Imesimama yenyewe katikati ya viazi vya Wachuka. Anadai nilikuwa nalenga mlango. Hajui kuegesha kwa kisasa.

Munene amesikiliza, akanikumbatia. Natangulia mimi! Gicheru ameambiwa kwa simu. Amekohoa tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeosha gari. Nimeweka picha ya Dedan juu ya dashibodi. Nimekaa nayo kidogo.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku kuu! Barabara ya Naro Moru ni ya kupanda, na Landrova ni mzee. Ukiinua mguu tu, inapumzika. Sikuhitaji breki hata mara moja. Dereva stadi hajulikani kwa breki.

Kwa kina Wakiuru unaacha lami, unashuka mteremko hadi langoni. Lango limefungwa, kama desturi. Ndani, akina mama wanaimba kutuuliza sisi ni nani na tunataka nini. Tunapaswa kusimama, kujibu kwa wimbo, kubembeleza hadi wafungue.

Nikakanyaga breki. Kimya. Nikakanyaga kwa miguu miwili. Kimya cha ajabu! Handibreki ilikatika enzi za Dedan, tunatumia jiwe, na jiwe lilikuwa nyuma chini ya kreti za soda. Wachuka akaanza kuomba kwa sauti. Akina mama walikuwa bado kwa ubeti wa kwanza. Walipouliza sisi ni nani, tulikuwa tumeshaingia.

Lango limelala. Hakuna mtu ameguswa, Mungu ni mkubwa. Landrova ilisimama ndani ya rundo la majani ya ng'ombe, na ng'ombe akaendelea kula.

Munene uso kama jivu. Nilidhani nimemharibia mke. Nikaangalia picha ya Dedan, imeanguka kifudifudi.

Halafu nyanya wa bibi harusi, Cucu Watiri, akaja na fimbo yake, akachungulia dirishani. Ati tangu azaliwe hajaona watu wenye haraka ya kuoa namna hii. Akacheka hadi leso ikaanguka. Wote wakacheka. Wakatupiga faini ya kondoo dume mmoja na lango jipya, na wakasema msichana apewe huyo kijana kabla baba yake mdogo hajarudi kuangusha na nyumba.

Gicheru alibaki nje kwa Prado, akiimba peke yake. Lango halipo, lakini akina mama walisimama pale pale wakamkatalia. Alipoingia nilikuwa nimemaliza uji.

Jumapili, 10 Agosti

Wakwe wameomba siku ya harusi nifike kwa miguu. Heshima kubwa! Wazee wa maana huwa hawaendeshi.

Lakini hakuna aliyesema Landrova ililia. Hakuna!

Mkebe wa grisi uko nusu. Leo breki za pikapu ya mchungaji zimelia vibaya akifika ibadani. Amekuja kwetu kwa chai, na Wachuka humwongezea kikombe kila mara. Nafasi tosha. Sitamwambia, iwe zawadi. Nyumba yake iko juu ya mlima, kanisa liko chini. Jumapili ijayo atatushukia kimya kama malaika.