Kitufe cha Nakuja

Jumatatu, 3 Machi

Wauzaji wa mitambo wamekuja. Watatu, kwa zamu, chumba cha mkutano, kila mtu na tai yake. Mkuu wetu wa kampuni ya mabasi kaniita nikae nyuma, kwa heshima ya umri.

Wa kwanza anauza visanduku vya kufunga kwenye nguzo za taa. Basi likipita, nguzo na basi vinasemezana kwa mawimbi. Nikauliza kama nguzo nayo huwa inajibu ikiulizwa swali. Mkuu akakohoa. Wa pili ana kifaa chenye laini ya simu tumboni, kinasoma setilaiti na kuwasha mabango ya umeme vituoni. Wa tatu alikuwa na vyote viwili, pamoja na biskuti. Biskuti nzuri sana. Mkuu kamchagua wa pili. Mabango yake yanawaka kijani na Mkuu anapenda kijani.

Habari yenyewe nimeielewa nikiwa nashuka ngazi. Simu ya upepo inazimwa. Yaani kile chumba changu juu ya gereji, chenye maiki, dirisha na kiti kilichokwisha kujua umbo langu. Nimewaongoza madereva kutoka kile kiti tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Nafika mlangoni, namkuta Mtunza Stoo anapima ukuta kwa futi kamba. Matairi yake yamejaa korido siku nyingi, anatafuta pa kuyaweka. Nikamuuliza anapima nini. Akasema anapima tu. Mtu mzima, hana haya.

Mke wangu kapiga simu kuuliza niko wapi. Nikamwambia nimeshafika. Nilikuwa bado natafuta ufunguo wa chumba, lakini nyumba iko mtaa wa nyuma tu, kwa hiyo si uongo.

Jumanne, 4 Machi

Sikufanya kazi sana. Nimekaa naiangalia maiki.

Kupitia maiki hii ndiyo nilimpata mama watoto. Yeye alikuwa mkata tiketi wa kituo cha mwisho, Kituo cha Juu, mimi Kituo Kikuu. Sura yake sikuijua kwa muda mrefu, nilijua sauti tu. Akisema "nimekupata, ova", siku yangu inakwenda vizuri. Asipokuwa zamu, mabasi yote yalikuwa yanachelewa na sijui kwa nini.

Siku niliyomposa nilimwambia kuna jambo nje ya ratiba. Nikauliza, umenisoma? Kimya. Nilidhani betri imekufa. Kisha akasema amenisoma vizuri sana, na kwamba madereva wote wamenisoma pia. Honi zikapigwa mji mzima, basi moja likaanza, mengine yakaitikia. Trafiki alisimamisha magari akidhani kuna kiongozi anapita.

Leo nimemkumbusha mezani. Akasema ndiyo, anakumbuka, na je, nimeipeleka ile pasi kwa fundi? Sijaipeleka.

Sitaruhusu kile chumba kiwe cha matairi. Nimeshaanza kula njama.

Jumatano, 5 Machi

Fundi wa mitambo kafika. Binti mdogo, mpole, begi limejaa nyaya. Madereva wamekwisha kumpa jina: Binti Setilaiti. Ananiamkia shikamoo kila tunapopishana mlangoni, hata kama tumepishana dakika ile ile. Imeniwia vigumu kumchukia lakini najitahidi.

Njama yangu ni hii: nijifanye rafiki wa mtambo. Wakiona hauendi bila mimi, hawatathubutu kunigusa wala kugusa chumba. Nikamvika binti kilemba cha ukoka, nikamsifia hadi bisibisi yake.

Akafurahi, akaniomba msaada. Kifaa kinajua basi lilipo, akasema, lakini hakijui kama dereva yuko safarini au kaegesha anajinyoosha. Kwa hiyo dereva akianza safari atabonyeza kitufe cha kijani, na mabango yote ya njia ile yataandika BASI LINAKUJA. Maneno ya kwenye kitufe bado hana. Alitaka neno la madereva wenyewe, si la vitabuni.

Nikafumba macho kama mtu anayefikiri. Nikasema: NAKUJA.

Fupi, tamu, kila mtu analijua. Binti akaandika pale pale. Mkuu akaniambia mbele ya watu kuwa kampuni ina hazina. Mtunza Stoo kanuna mchana kutwa.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya kwanza ya mtambo. Balaa tupu.

Asubuhi kimya. Mabango yamelala, mabasi yanapita chini yake kama hayajuani. Hakuna dereva aliyegusa kitufe. Mchana, wakati wa chakula, mabango yakawaka kwa mkupuo, mji mzima kijani. BASI LINAKUJA. BASI LINAKUJA. Abiria wakatoka vivulini, wakapanga foleni, wakakunja miavuli. Basi hakuna hata moja.

Mkuu akanituma nikaulize. Nikamwita Polepole kwa simu ya upepo. Polepole ni dereva wetu mkongwe, mwaminifu, hajawahi kumpita mtu kituoni. Nikamuuliza yuko wapi. Akasema yuko mezani anakula. Nikamuuliza kitufe kakibonyeza kwa nini. Akashangaa. Akasema mtu akiinuka mahali huaga, na yeye kainuka kwenye usukani, kaenda kula, kaaga: nakuja. Wenzake wote vivyo hivyo. Mmoja kabonyeza akienda chooni. Mwingine kapitia nyumbani kwa shemeji, kabonyeza mara mbili kwa msisitizo.

Nikamtetea Polepole kwa moyo wote. Mimi mwenyewe nikitoka chumbani husemaje? Nakuja. Na nikisharudi sisemi kitu.

Binti Setilaiti alikaa kwenye ngazi, kashika kichwa. Nikamletea maji. Nilimwonea huruma, kweli, ingawa ndani nilikuwa nacheza ngoma.

Jumamosi, 8 Machi

Mkuu kakiri mwenyewe: jana mabasi yamepatikana kwa simu ya upepo. Nilikuwa nimevaa shati jeupe kwa ajili ya maneno hayo.

Nikapiga chuma kikiwa cha moto. Nikamwambia tupambanishwe, mimi na mtambo. Jumatano saa nne achague basi, atuulize sote liko wapi. Atakayesema kweli abaki. Mkuu, ambaye kidogo anapenda mashindano, akakubali. Mimi nikishinda, chumba kinabaki changu na maiki yangu. Nikishindwa, antena inashushwa Alhamisi.

Mtunza Stoo kauliza kama matairi ayalete Alhamisi hiyo hiyo au Ijumaa. Nimeifuta maiki vumbi mbele yake, taratibu.

Binti kabadilisha kitufe, sasa kimeandikwa NIMEANZA SAFARI. Refu mno. Halina ladha.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempanga Polepole. Mkuu atalitaja basi lake bila shaka, maana ndilo pekee analolikumbuka namba. Nimemwambia Jumatano saa nne kamili awe getini, injini inanguruma. Nitamwita, atajibu, tutachungulia dirishani, tutamwona. Mchezo umekwisha.

Polepole kaapa. Akashika kifua. Akasema mimi ananichukulia kama kaka yake mkubwa. Tukakaa tukawakumbuka wa zamani: yule aliyekuwa anaimba hewani akidhani kazima, yule aliyetangaza kazaliwa mtoto ndani ya basi lake na kuuliza mtoto akatiwe tiketi au la. Wengine wametangulia mbele ya haki. Sauti zao bado nazisikia, hasa mvua ikinyesha na redio ikianza kukoroma. Nawakumbuka sana. Hakuna bango litakalokoroma vile.

Jioni nimemweleza mama watoto mpango wote. Akauliza, ni Polepole huyu huyu? Nikasema ndiye. Akasema haya, na akaendelea kukunja nguo.

Jumatano, 12 Machi

Saa nne. Chumbani kwangu: Mkuu, Binti Setilaiti na skrini yake, na Mtunza Stoo ambaye hakualikwa. Mkuu akataja basi la Polepole. Nikameza tabasamu.

Nikashika maiki. Polepole, Polepole, uko wapi, ova.

Sauti ikaja safi, haina hata punje ya mchanga: nimefika, ova.

Nikawageukia nikiwa nimevimba kichwa. Nikasema, bwana mkubwa, basi limefika. Tukaenda dirishani wote wanne. Getini alikuwepo paka.

Nikamwita tena. Akasema ameshafika kabisa, yuko hapo hapo getini, ananishangaa simwoni. Ndipo tukasikia nyuma yake mashine ikiguruma, na sauti ya mtu ikimwambia ageuze kichwa upande wa pili.

Binti akainua skrini tu. Nukta ndogo ya Polepole ilikuwa imetulia mbele ya kinyozi, mtaa wa hospitali.

Akaja baadaye, kanyolewa vizuri, ananukia. Kumbe alitaka aonekane nadhifu mbele ya Mkuu kwa ajili yangu. Nimemgombeza, kisha nikashindwa. Akasema mbona alikuwa amefika, alikuwa amebakiza kufika tu.

Mkuu hakunikasirikia. Kanipigapiga bega. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 13 Machi

Antena imeshushwa jioni. Kabla ya hapo Mkuu kaniruhusu niwaage madereva hewani.

Nikakaa kitini. Nilikuwa nimeandaa hotuba, yenye mwanzo na mwisho. Nikabonyeza maiki, nikasahau hata mwanzo wake. Hewani inasikika pumzi yangu tu. Madereva wakaanza kuuliza, Kituo Kikuu, vipi, uko salama?

Mlango ukafunguliwa. Mama watoto. Akasema amefuata mwavuli. Hakukuwa na mvua, wala mwavuli wetu haujawahi kufika ofisini. Akanitazama, akaichukua maiki mkononi mwangu kama mtu anayempokea mwenzake mzigo.

Akasema: vituo vyote, vituo vyote, hapa Kituo cha Juu. Mmefanya kazi nzuri. Kituo Kikuu anawashukuru, ameshikwa na mafua. Tunafunga. Ova.

Sauti ile ile, haijazeeka hata kidogo.

Kisha honi. Ya kwanza mbali, upande wa soko, kisha daraja, kisha mji mzima, basi kwa basi, kama siku ile. Nimelia waziwazi. Mtunza Stoo naye alikuwa anafuta miwani, ingawa havai miwani, alikuwa kaazima ya Mkuu.

Tumerudi nyumbani kwa miguu. Mlangoni akaniuliza kama kweli namdhania alisahau ile siku. Nikasema sikumdhania. Akasema vizuri, basi na ile pasi kesho ipelekwe.

Ijumaa, 14 Machi

Chumba kina matairi mpaka darini. Mimi nimepewa meza koridoni, mahali matairi yalipokuwa. Mkuu kanipa redio mbili za mkononi zilizokuwa za akiba, ziwe zangu. Moja nimemwachia mama watoto jikoni. Kutoka gereji hadi mtaa wa nyuma zinashikana bila antena.

Nilikuwa naaga kile chumba, nimekaa juu ya tairi, Binti Setilaiti akaja. Shikamoo. Marahaba. Anasema mtambo unakwenda vizuri isipokuwa jambo moja: basi likimaliza njia, mabango hayajui. Anaongeza kitufe cha pili. Dereva akikibonyeza, basi lile linafutwa na mabango yanaanza kuhesabu linalofuata. Anaogopa kukosea tena maneno. Je, baba yangu, unaweza kunisaidia?

Nikaona mlango unafunguka. Kazi hii ina mtu wake na mtu ni mimi. Safari hii sikukurupuka. Nililipima neno mara mbili, nikatafuta pa kulipata kosa, sikupata. Halina pande mbili, halidanganyi, mtoto na mzee wanalielewa sawa. Nikamwandikia kwa mkono wangu: NIMEFIKA.

Akashukuru sana. Anakipachika Jumatatu, mabasi yote. Jumatatu hiyo hiyo nitamwomba Mkuu anirudishie chumba.

Redio ikakoroma mfukoni. Kituo Kikuu, Kituo Kikuu, hapa Kituo cha Juu, chakula kinapoa, uko wapi, ova.

Nikajiegemeza vizuri kwenye tairi. Nikabonyeza. Nikamjibu nimefika.