Mkunga Kwenye Kaunta ya Magari

Jumatatu, 3 Machi
Meneja kanikabidhi mwajiriwa mpya nimfundishe kuhudumia wateja. Mama wa miaka hamsini na mbili! Alikuwa mkunga miaka ishirini na sita, sasa anataka kukodisha magari. Meneja anasema mmoja wetu atakuwa msimamizi wa kaunta. Mmoja wetu! Mimi nina miaka saba hapa. Nimeamua: nitamfundisha, ila nusunusu. Nimemwambia kulizunguka gari na mteja kabla ya kumpa ufunguo ni kumdhalilisha. Ampe tu, atabasamu. Kaandika yote daftarini. Mwandiko mzuri mno. Umeniuma.

Jumanne, 4 Machi
Hakunifuata! Kalizunguka gari na mteja wake wa kwanza, taratibu, kila mkwaruzo wakauandika pamoja. Nikamuuliza kulikoni. Akajibu kwa upole, "Samahani, mwalimu. Huwezi kumkabidhi mama mtoto wake bila kumkagua mbele yake." Mteja akacheka, akaonyesha mwenyewe pale palipobonyea chini ya taa. Mimi sijawahi kupaona. Wivu. Lakini kazi safi, nikubali.

Jumatano, 5 Machi
Dawa ya moto ni moto. Kesho anakuja mkandarasi mmoja, mzee mwenye sauti ya tingatinga. Gari alilowekesha nimempa shemeji yangu, siku mbili. Kaunta atakuwepo mkunga. Tuuone huo upole.

Alhamisi, 6 Machi
Mkandarasi kaingia saa mbili asubuhi. Vioo vilitetema. Mimi nilikuwa nyuma ya mashine ya fotokopi, natafuta karatasi ambazo hazikupotea. Mkunga akatoka kaunta, akamvutia kiti, akamwacha aseme mpaka pumzi ikamwishia. Kisha: "Gari lako kapewa mtu mwingine, baba. Kosa ni letu. Sasa niambie, unakwenda wapi?"

Mzee akashusha mabega. Binti yake wa pekee kashikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza, hospitali iko kilomita tisini. Sikujua!

Mkunga akaingia kwa meneja, akatoka na ufunguo wa gari la meneja mwenyewe. Hata dakika haikuisha! Na bado akalizunguka na mzee, mbiombio, akimtuliza kwamba mtoto wa kwanza hana haraka, aendeshe polepole. Nilimkodolea macho kama mtoto anayeona treni. Miaka saba, sijawahi kumhudumia mtu hivyo.

Ijumaa, 7 Machi
Mzee kapiga simu: mjukuu wa kike, mzima, mama naye mzima! Meneja akauliza nani alitoa lile gari alilowekesha mzee. Mkunga akanitazama. Jasho likanitoka hadi kwenye magoti. Akasema, "Tulikosea, bosi." Tu! Silabi moja, 'tu' badala ya 'a', imeniokolea kazi. Nikamfuata uani kumshukuru. Akaniambia nimsalimie shemeji, na gari lirudi kabla ya saa kumi. Kumbe alijua! Jioni kapewa usimamizi. Anastahili, na nimepiga makofi kuliko wote.

Jumamosi, 8 Machi
Mimi ni mtu mpya. Nimemwandikia meneja barua kumsifu mkunga, kurasa mbili, kila neno la kweli. Mwishoni nikaongeza, kwa unyenyekevu, kwamba mwanafunzi bora hupikwa na mwalimu. Meneja kaguswa sana. Ameagiza Jumatatu nikafundishe waajiriwa wapya kumi na wawili makao makuu. Nimekubali! Mkunga nitamwomba aje kama msaidizi wangu. Yeye ataongea, mimi nitaitikia kwa kichwa.